Blyden: mchungaji, mkuu wa chuo, kisha akavua joho. Alisilimu au walimchosha?

#1 MzeeWaRafu
Wakuu, salaam.

Naombeni mnisaidie na huyu mzee, Edward Wilmot Blyden. Shuleni tulimpitia kwenye mada ya Umajumui wa Afrika, mstari mmoja kabla ya Garvey, kengele ikalia. Sasa nimerudi kumsoma taratibu, na kadiri ninavyosoma ndivyo anavyozidi kunichanganya.

Tazameni safari yake. Kazaliwa Agosti 1832 Charlotte Amalie, kisiwa cha St. Thomas, Karibi, enzi hizo chini ya Denmark. Wazazi huru, si watumwa: baba fundi cherehani, mama mwalimu. Mchungaji wa Kizungu aitwaye John Knox akaona kijana ana kichwa, akamtia moyo akasomee uchungaji Marekani. Mwaka 1850 akafika kule, chuo cha theolojia cha Rutgers kikamkataa kwa rangi yake, na vingine hivyo hivyo. Mwaka huohuo Marekani ndiyo imepitisha sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka, mtu mweusi huru naye hana uhakika wa kulala salama. Akapanda meli, Januari 1851 akatua Monrovia, Liberia, nchi ya weusi waliohamia kutoka Marekani, jamhuri yenyewe haijatimiza hata miaka minne.

Huko 1858 akawekewa mikono, mchungaji wa Presbiteri. Akawa mkuu wa sekondari ya Alexander, halafu mwalimu wa Kigiriki na Kilatini Liberia College, halafu waziri wa mambo ya nje, halafu balozi Uingereza. Kuanzia 1880 hadi 1884 ni mkuu wa Liberia College.

Mwaka 1886 anarudisha uchungaji wake. Mwaka unaofuata anatoa kitabu kinachosema Uislamu umemfaa Mwafrika kuliko Ukristo ulivyoletwa na Wazungu. Akafa Freetown, Sierra Leone, Februari 1912. Ibada ya mazishi ya Kikristo, jeneza likabebwa na Waislamu.

Swali langu: nini kilimpata? Nawasilisha.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimeshakaa. Bisi ziko wapi?

#3 Nyundo_ya_Makupa
Mbona rahisi hii. Mzee alisilimu, akaficha. Mtu asiye Mwislamu anatafuta nini Lebanon mwaka 1866 kujifunza Kiarabu? Karudi Monrovia kaanza kukifundisha chuoni, chuo cha Wakristo kile. Kaenda bara kwa Wamandingo, kakaa na mashehe wao, kaona vijana wanasoma na kuandika bila mmishenari hata mmoja. Kisha uzeeni Waingereza wa Sierra Leone wampe nini? Ukurugenzi wa elimu ya Waislamu, 1901 mpaka 1906. Na nani wakambeba? Mnataka shahada yake iletwe na laminesheni?

#4 KatekistaMstaafu
#3 taratibu kaka. Kujifunza Kiarabu si kusilimu. Lebanon alikwenda kwa wamishenari Waprotestanti wa Kimarekani, ndio waliokuwa wanafungua chuo chao Beirut mwaka huohuo wa 1866. Na shabaha aliyoitaja wakati ule ilikuwa ya kichungaji kabisa: awafikie Waislamu wa bara la Liberia kwa lugha wanayoiheshimu. Alikwenda kutafuta nyavu za kuvulia.

Alipoacha uchungaji 1886 hakusema amehamia dini nyingine. Alijiita mtumishi wa ukweli, basi. Biblia aliisoma kwa Kiebrania hadi uzeeni.

Niongeze la kwangu. Miaka ya nyuma nilikuwa mtumishi katika kanisa ambalo silitaji. Nilipoacha, mtaani wakasema kasilimu, wengine kaoa wa pili, wengine kaingia uganga. Kumbe posho ilikuwa haiji na kiongozi wangu hataki kuulizwa. Watu wakiona joho limevuliwa wanataka sababu kubwa. Blyden alilipwa na bodi ya misheni ya Presbiteri iliyokaa New York. Jaribuni kuangalia upande huo.

#5 BintiMkunazini
Mimi naliona jambo jengine. Huyu bwana alisifu Uislamu kwa kuwa hauna ubaguzi wa rangi, na hapo alikuwa akitazama Afrika Magharibi peke yake: Futa Jallon, Wamandingo, Wafula, weusi kwa weusi. Angekuja kwetu Unguja miaka hiyohiyo angeandika vipi? Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, Sayyid Barghash kabanwa na Waingereza. Nyumbani kwetu Mkunazini kanisa limejengwa palepale soko lilipokuwa. Mwaka huohuo wa 1873 Blyden yuko njiani kwenda Timbo, mji mkuu wa Futa Jallon, anaandika jinsi Uislamu unavyompa mtu mweusi heshima yake.

Sisemi kadanganya. Alichokiona kule ni kweli alikiona. Lakini mtu akichukua maneno yake akayapeleka Afrika nzima, mie hapo sikubali, na mimi ni Mwislamu.

#6 Dakika_90
Uzi umenoga mapema hivi? Naweka alama.

#7 Mwl_Historia_Kidato
Kuna watu wanamwita mkuu wa kwanza wa Liberia College. Siyo. Wa kwanza alikuwa Joseph Jenkins Roberts, yuleyule rais wa kwanza wa nchi, akashika chuo mpaka kufa kwake 1876. Chuo kiliidhinishwa 1851 kwenye karatasi, pesa zikitoka kwa wafadhili wa Boston na New York, lakini kikafunguliwa miaka ya 1860 mwanzoni. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Liberia, tangu 1951.

Kiini cha ugomvi wa Blyden mnakitafuta msikitini wakati kiko darasani. Someni hotuba yake ya kushika ukuu wa chuo, Januari 1881 Monrovia. Mwalimu yeyote ataipenda au itamuudhi, katikati hakuna. Alisema kijana wa Kiafrika asilishwe fasihi na historia ya Ulaya ya karne za karibuni, maana ndizo zilizozaliwa pamoja na biashara ya utumwa, zimejaa dharau kwa mtu mweusi, na kijana anazimeza bila kujua. Badala yake asome Kigiriki na Kilatini, kwa sababu Wagiriki na Warumi waliandika kabla dharau hiyo haijatungwa. Asome hesabu. Asome Biblia, lakini bila maelezo ya Wazungu pembeni. Halafu Kiarabu na lugha za wenyeji. Na hadithi na nyimbo za watu wa bara, zihesabiwe kuwa elimu.

Pia alitaka chuo kiondoke pwani kihamie bara. Wafadhili walichangia ili wapate wachungaji na makarani waungwana wa Monrovia. Wakapata mkuu anayesema nyinyi ndio tatizo. Miaka minne akatoka. Hapo mnahitaji shahada gani?

#8 Nyundo_ya_Makupa
#7 umeandika vizuri mwalimu, ila umenisaidia mimi. Kiarabu umekiona hapo kwenye orodha?

#9 Mwl_Historia_Kidato
Na Kilatini pia kipo. Basi alikuwa Mkatoliki?

#10 Kiti_cha_Mbele
😂😂 Nimemwaga chai.

#11 MtotoWaKamalondo
Bandugu, mimi niko hapa Lubumbashi nabasoma tu. Niulize: huyu mzee si ndiye aliyekaribisha Wazungu Afrika? Nilisoma kwamba aliona wakoloni hawatakaa sana, jua na malaria vitawarudisha, watajenga reli na kuleta amani halafu watatuachia. Sisi wa Kongo tunajua kilichofuata. Mtu anayetukanya tusisome vitabu vya Wazungu, anawafungulia mlango wenye vitabu waingie wenyewe?

#12 MzeeWaRafu
#11 hilo ni kweli na ndilo linalonikosesha usingizi. Aliamini ugawaji wa Afrika utakuwa wa muda. Waingereza hasa aliwapenda mno, aliwahimiza wapanuke kutoka Freetown na Lagos. Watetezi wake husema alikuwa anapiga hesabu: Liberia haina pesa wala jeshi la kufika bara, basi atumie nguvu ya Mwingereza kuunganisha Afrika Magharibi. Wengine wanasema alikula mezani kwao tu. Baada ya 1885 riziki yake kubwa ilitoka Sierra Leone na Lagos.

#7 asante kwa hotuba. Lakini swali langu la 1886 bado. Chuoni katoka 1884. Kwa nini angoje miaka miwili ndipo avue joho?

#13 ShangaziWaGoba
Jamani wanaume mnazunguka mbuyu. Kuna mwanamke hapa. Mbona hamumtaji?

Mke wake wa ndoa ni Sarah Yates, ukoo mkubwa wa Monrovia, baba yake mdogo alikuwa makamu wa rais wa nchi. Wakazaa watatu. Baadaye mzee akiwa Freetown akaishi na Anna Erskine, Mliberia, wakazaa watano, na Sarah hajaachwa. Akina Blyden wengi wa Freetown ni wa upande huo. Sasa mchungaji wa Presbiteri mwenye nyumba mbili atasimama mimbarini aseme nini? Ukiona mwanamume ghafla anaandika vitabu kusifu dini inayoruhusu wake wengi, muulize kwanza nani anampikia.

Na 1908 akatoa kitabu kingine kuhusu maisha na mila za Kiafrika, humo anatetea ndoa ya wake wengi waziwazi, kwamba kwa desturi hiyo hakuna mwanamke anayebaki bila mume wala nyumba. Mimi sisemi kitu.

#14 Dakika_90
Shangazi kafunga goli la mkono.

#15 KatekistaMstaafu
#13 hilo la Anna ni kweli, lakini usiligeuze ufunguo wa milango yote. Maandishi yake ya kusifu Uislamu yameanza mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1870 tayari yako kwenye majarida ya Marekani na Uingereza, naye bado ni mchungaji kamili. Kitabu cha 1887 kwa sehemu kubwa ni mkusanyo wa makala na hotuba za nyuma. Mawazo yalikuwepo kabla ya nyumba ya pili.

#16 MswahiliWaLeeds
Niongeze upande ambao haujaguswa: rangi ndani ya weusi wenyewe. Liberia ya wakati ule ilitawaliwa na walowezi waliotoka Marekani, na juu kabisa ya walowezi wamekaa machotara. Roberts mwenyewe alikuwa mweupe karibu kama Mzungu. Blyden aliwachukia machotara kwa chuki isiyofichika, barua zake nyingine zinaudhi kuzisoma leo. Aliwaona ndio wanaozuia Liberia isiungane na wenyeji, na aliwaandikia wafadhili Marekani wasiwapeleke tena.

Sasa #13 umenikumbusha: huyo Sarah alitoka kwenye koo hizohizo za weupe. Mzee anawasema machotara barazani, jioni anakula ukweni.

Rais Edward James Roye ndiye mweusi kamili wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za Chama cha Whig, 1869, na Blyden alikuwa mtu wake wa karibu. Mei 1871 kundi la watu likamkamata Blyden, wakamfunga kamba shingoni, wakamburura barabarani Monrovia. Kisingizio: anatembea na mke wa Roye. Akaokolewa, akakimbilia Freetown. Oktoba Roye naye akapinduliwa. Mnaona mpango?

#17 ShangaziWaGoba
Tena mke wa mtu! Mimi niliuliza tu.

#18 MswahiliWaLeeds
#17 shangazi, tuhuma hiyo haikuthibitishwa mahali popote. Na Roye mwenyewe hakuonekana kuiamini. Maadui wa wote wawili walikuwa wamoja.

#19 Nyundo_ya_Makupa
Roye alikula mkopo ambao serikali yake ilichukua London lakini. Pauni laki moja.

#20 Mwl_Historia_Kidato
#19 laki moja kwenye makaratasi. Wakopeshaji walikata asilimia 30 palepale, wakakata na riba ya miaka ya mbele, asilimia 7 kwa mwaka. Kilichofika Liberia ni sehemu ndogo, na deni likabaki lote. Mikopo ya kausha damu haikuanzia mtaani kwenu.

#21 Dakika_90
Na Roye aliishia wapi?

#22 MswahiliWaLeeds
Alikufa Februari 1872 baada ya kutoroka kizuizini. Wapo wanaosema alizama akijaribu kuifikia meli ya Waingereza, wengine eti alijifunga fedha kiunoni zikamzamisha. Wapo wanaosema aliuawa, maji yakasingiziwa. Liberia mpaka leo wanabishana.

#23 Kiti_cha_Mbele
Huu uzi ulikuwa wa mchungaji. Tumefika kwenye maiti baharini.

#24 Fundi_Cherehani
Mimi mwenzenu nimevutiwa na kitu kimoja: Blyden alianza kama mwanafunzi wa cherehani, ufundi wa baba yake. Wateja wangu wakinidharau nitawaambia. Kigiriki alifundishwa na nani?

#25 KatekistaMstaafu
#24 Monrovia, hiyo sekondari ya Alexander, na mengine akajisomea usiku. Hakuwahi kusoma chuo kikuu popote. Mwenzake chuoni, Alexander Crummell, alikuwa amehitimu Cambridge, padri wa Kianglikana. Hawa wawili ndio walitumwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1860 kuwashawishi weusi wahamie Liberia. Aliyekosa nafasi ya kusoma chuo ndiye aliyekuja kuongoza chuo. Crummell akakata tamaa akarudi Marekani 1872, na uzeeni, 1897, akaanzisha jumuiya ya wasomi weusi Washington.

Kiebrania tangu utotoni kilimvuta, alikulia jirani na Wayahudi wa St. Thomas. Kihispania alikipata Venezuela, familia ilihamia huko akiwa mdogo.

#26 Fundi_Cherehani
Usiku kwa taa ya mafuta. Na watoto wangu wana data ya kutosha wanaangalia densi.

#27 BintiMkunazini
Kuna kisa kimoja nakipenda. Katika safari ile ya 1866 alipanda piramidi Misri, akachora jina Liberia kwenye jiwe, na jina lake na tarehe. Aliamini waliojenga ni weusi, basi anatia saini kwenye mali ya babu. Mwenyewe akaandika kwamba sasa angalau jina la jamhuri ile ndogo litadumu.

Wataalamu wa mambo ya kale wangemfunga leo.

#28 MtotoWaKamalondo
#27 😂 Mzee alikuwa na vituko. Lakini bado hamkunijibu kuhusu wakoloni.

#29 Ujamaa_Damu
Wakuu nimechelewa. Hicho kitabu cha 1908 alichotaja shangazi mmekipita haraka. Mle Blyden anasema jamii ya Kiafrika msingi wake ni familia, ardhi ni ya wote, kazi ni ya pamoja, mwenye kukosa analishwa, na kwa hiyo matatizo ya umasikini ya Ulaya hatuna sababu ya kuyaagiza. Nani mwingine alisema hivyo? Mwalimu Nyerere, 1962. Miaka 54 baadaye! Tulitakiwa kufundishwa kwamba Ujamaa una babu Monrovia.

#30 Mwl_Historia_Kidato
#29 mawazo kufanana si ushahidi kwamba mmoja kachukua kwa mwingine. Mwalimu alieleza mwenyewe kwamba anatoa kwenye maisha ya kijijini. Kwa Nkrumah na Senghor ndiyo kuna njia inayoonekana: maneno ya utu wa Mwafrika Blyden aliyatumia Freetown 1893, Nkrumah akayafanya kaulimbiu. Senghor, yule rais wa kwanza wa Senegal, aliandika dibaji ya mkusanyo wa barua za Blyden.

#31 Ujamaa_Damu
Mwalimu alisoma sana. Huwezi kuniambia hakumsoma.

#32 Mwl_Historia_Kidato
Wala wewe huwezi kuniambia alimsoma.

#33 MswahiliWaLeeds
Turudi kwa swali la mleta mada, miaka miwili kati ya chuo na joho. Kuna kitu katikati: uchaguzi wa urais 1885. Blyden aligombea. Dhidi ya Hilary Johnson, rais aliye madarakani. Na kwa tiketi ya chama gani? Republican, chama kilekile cha machotara wa Roberts waliomwangusha Roye! Siasa haina adui wa kudumu. Akashindwa.

Sasa hesabuni. Chuo hana. Urais kakosa. Chama chake cha asili kakisaliti. Misheni inamkunjia uso kwa makala zake. Monrovia imebaki nini? Kaenda Freetown, na kule wasomaji wake ni Waislamu na Wakristo wa Kikrio, wazao wa watumwa walioachiwa huru, wanaochoshwa na maaskofu Wazungu. Mimi naona uchungaji wa Presbiteri ulikuwa daraja la mwisho na Liberia, akalivunja kwa sababu hakuwa na mpango wa kurudi.

#34 MzeeWaRafu
#33 hapo umenigusa, ila Liberia alirudi. Walimteua tena balozi Uingereza, na hata kufundisha tena chuoni alirudi kwa muda mwaka 1900. Ilikuwa nenda rudi maisha yote.

#35 KatekistaMstaafu
Na kwa maelezo ya #33 bado huwezi kueleza kwa nini hakusema tu nimestaafu. Kuacha uchungaji ni jambo zito kwa mtu wa kizazi chake. Nadhani alichoka na wazo lenyewe la madhehebu. Aliona Presbiteri, Methodisti, Baptisti na Waanglikana wanagombania kijiji kimoja, kila mmoja na Mzungu wake Marekani au London anayeamua. Alitamani kanisa la Kiafrika linalojitegemea, alilihimiza hadharani Lagos, na 1891 likazaliwa moja pale baada ya ziara yake. Yeye hakujiunga nalo.

#36 Nyundo_ya_Makupa
Hakujiunga kwa sababu alikuwa ameshapata pa kwenda.

#37 BintiMkunazini
#36 na msikitini hakuonekana kuswali pia. Mwislamu wa siri kwa nani? Freetown ile Waislamu wako huru, mashehe ni rafiki zake, nani angemdhuru?

#38 Nyundo_ya_Makupa
Watoto wake Wakristo. Pensheni ya Waingereza. Sababu nikuhesabie?

#39 ShangaziWaGoba
Yaani kila mtu humu kamkuta Blyden wake. Wa Makupa kapata Mwislamu, katekista kapata mwenzake wa posho, Ujamaa kapata babu. Mimi nimepata mume wa watu wawili.

#40 Fundi_Cherehani
Mimi fundi mwenzangu.

#41 MtotoWaKamalondo
Na mimi sijapata jibu. Nauliza tena: kama aliona mbali hivyo kuhusu vitabu, kwa nini hakuona mbali kuhusu bunduki?

#42 Mwl_Historia_Kidato
#41 nadhani jibu liko kwenye Liberia yenyewe. Alishuhudia weusi wasomi wanawatawala wenyeji kwa dharau ileile ya Wazungu, kura wananyimwa, kazi wanafanyishwa. Akafika kusema afadhali Mwingereza wa mbali kuliko mlowezi wa karibu. Simtetei. Alikosea. Lakini anayelaumu aanze na Monrovia ya 1880, siyo Berlin ya 1885.

#43 MtotoWaKamalondo
Jibu hilo sikubali, lakini nimelipokea. Afadhali ya mbali? Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa mbali sana, hata Kongo hakuwahi kukanyaga.

#44 Dakika_90
Hapo mwalimu ajibu.

#45 Mwl_Historia_Kidato
Kesho, nina madaftari ya kusahihisha.

#46 MzeeWaRafu
Asanteni wote. Natafuta barua zake za 1884 hadi 1887, mwenye nakala anitupie faragha. Habari ya Roye na bahari #22 aifungulie uzi wake, watu wameshaanza kunijia huko pembeni.

#47 Kiti_cha_Mbele
#22 ukifungua niite. Kiti ninacho.